Mikono ya Mwalimu wa Biolojia

Mwaka 2014 Tanzania nzima ilikuwa ikizungumzia maabara. Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu, kimoja cha fizikia, kimoja cha kemia na kimoja cha biolojia. Muda wa mwisho ulikuwa Novemba mwaka huo, ukasogezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichangishwa, wakuu wa wilaya walikagua misingi na mabati, na mahali pengi majengo yakasimama. Lilikuwa jambo la haki. Shule za kata, zilizoongezeka kwa kasi chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, zilikuwa zimewapokea watoto wa wakulima na wavuvi bila kuwapa hata meza ya kufanyia jaribio. Lakini jengo lina sifa moja inayolipa upendeleo mkubwa katika mipango ya serikali: linahesabika. Mkuu wa mkoa anaweza kutamka kwamba vyumba kadhaa vimekamilika na vingine vimefikia lenta, na kila mtu akaelewa. Ustadi wa mwalimu atakayesimama ndani ya chumba hicho hauhesabiki hivyo, wala hauna siku ya kuzinduliwa. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba ustadi huo ni fani inayojitegemea. Haumwingii mwalimu kwa kupata shahada, wala kwa kukabidhiwa ufunguo wa maabara. Unajengwa kwa kufanya, kukosea na kusahihishwa, tena mara nyingi, karibu na darasa analolifundisha. Mafunzo yetu ya walimu bado hayajakubali gharama ya ukweli huo.

Chukua jaribio ambalo karibu kila aliyepita sekondari amelisoma, la kupima kama jani lina wanga. Kitabuni linachukua mistari michache. Mmea unawekwa gizani kwa siku moja au mbili ili umalize akiba yake ya wanga, kisha unatolewa juani kwa saa kadhaa. Jani linachumwa na kuchemshwa kidogo kwenye maji ili seli zife na utando wake upitishe vimiminika. Linahamishiwa kwenye spiriti ya moto ili rangi ya kijani itoke, linasuuzwa kwa maji ya vuguvugu kwa kuwa spiriti imelikausha likawa linavunjika, linatandazwa juu ya kigae cheupe na kudondoshewa iodini. Penye wanga hutokea rangi ya buluu iliyokoza hadi kukaribia nyeusi. Mwalimu anaweza kuyaeleza yote hayo ubaoni bila kosa na akawa hajawahi kuyafanya. Siku atakapoyafanya mbele ya wanafunzi 60, jani linaweza kubaki na rangi ya kahawia ya iodini tu, na darasa zima likamtazama usoni.

Sababu zinaweza kuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye mistari ile ya kitabu. Huenda kipindi chake ni cha kwanza asubuhi na jani limechumwa kabla jua halijapanda. Usiku kucha mmea umekuwa ukitumia wanga wake kujiendesha, kwa hiyo kilichobaki ni kidogo. Huenda amechuma jani la mwembe, nene na lenye nta, ambalo spiriti hulipenya kwa taabu, au jani la kitunguu, ambalo huhifadhi sukari na si wanga. Huenda iodini imekaa juu ya rafu tangu mwaka jana katika chupa nyeupe inayopigwa na mwanga, ikapungua nguvu. Na kama ameweka spiriti moja kwa moja juu ya moto kwa haraka ya kumaliza kipindi, anaweza kuunguza meza, au jambo baya zaidi. Spiriti hushika moto upesi na huchemka chini ya nyuzi 80 za Selsiasi, kwa hiyo inatosha kuiweka kwenye neli ya majaribio iliyozamishwa katika chombo cha maji yaliyotoka kuchemka, moto ukiwa umekwisha kuzimwa. Mwenye uzoefu anayajua haya kama anavyojua njia ya nyumbani. Asiye na uzoefu hana pa kuyasoma, kwa sababu waandishi wengi wa vitabu vya kiada huandika kana kwamba jaribio hukubali siku zote.

Angalia pia kwamba kila kosa katika hayo limebeba somo la biolojia lililo zito kuliko jibu sahihi. Jani la asubuhi lisilo na wanga linamweleza mwanafunzi kwamba mmea unapumua usiku na unakula akiba yake. Jani la kitunguu linamweleza kwamba mimea haihifadhi chakula kwa namna moja. Mwalimu aliyepata kukwama na kutafuta sababu ataligeuza jaribio lililokataa kuwa kipindi bora cha muhula. Yule ambaye hajakwama popote atasema, "Tuchukulie kwamba limegeuka buluu," na wanafunzi wataandika daftarini rangi ambayo hawakuiona. Neno hilo dogo, tuchukulie, lina madhara makubwa kuliko kukosekana kwa jaribio lenyewe. Linamfundisha kijana kwamba katika sayansi kilichoandikwa kinashinda kilichoonekana.

Majaribio ya vyakula yana mitego ya aina hiyohiyo. Mwalimu anayetaka kuonyesha sukari kwa kitendanishi cha Benedikti mara nyingi atafikiria kwanza sukari ya dukani, iliyo rahisi kupatikana. Akiichemsha, mchanganyiko unabaki na buluu yake, kwa sababu sukari ya miwa haiguswi na kitendanishi hicho mpaka kwanza ivunjwe kwa asidi hafifu iliyochemshwa na kisha asidi yenyewe iondolewe ukali kwa magadi. Glukosi ya duka la dawa au maji ya ndizi mbivu yangempa rangi ya tofali mara moja. Katika kupima protini kwenye ute wa yai, matone machache ya kopa salfeti yakizidi, buluu yake inafunika zambarau inayotafutwa. Haidrojeni peroksaidi inayomwagwa juu ya kipande cha ini kibichi ili kuonyesha kazi ya vimeng'enya hutoa povu kwa nguvu ikiwa mpya. Ikiwa imekaa wazi kwa miezi, inatoa viputo vichache vinavyotia shaka.

Hadubini inahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa ndicho chombo cha thamani kubwa katika maabara nyingi za sekondari na ndicho kinachofungiwa kabatini kuliko vyote. Kutayarisha ngozi nyembamba ya kitunguu maji ni kazi ya dakika tano kwa aliyezoea: kipande kimoja kisichokunjamana, tone la maji, tone la iodini, na kioo chembamba cha kufunikia kinacholazwa taratibu kutoka upande mmoja kwa ncha ya sindano ili hewa itoke. Asiyezoea hukiangusha kioo kwa mkupuo, hewa inanaswa chini yake, na wanafunzi wanachora duara jeusi la kiputo wakidhani ndiyo seli. Kisha kuna mpangilio wa lenzi. Unaanza na ya ukuzaji mdogo, unaitafuta picha, ndipo unapanda, na ukishafika kwenye lenzi kubwa huligusi tena gurudumu la marekebisho makubwa, kwa maana lenzi itashuka na kuvunja slaidi, pengine na kukwaruzika yenyewe. Mwalimu anayeogopa kuivunja hadubini, hasa pale anapojua kwamba ikiharibika ataulizwa yeye, atafanya uamuzi wa busara kwa nafsi yake na wa hasara kwa wanafunzi: ataiacha kabatini. Na huko kabatini haiko salama. Katika hali ya hewa yenye unyevu kama ya Tanga, Unguja au Mombasa, ukungu huota juu ya vioo vya lenzi zisizotumiwa na zilizofunikwa bila kukaushwa, na baada ya muda picha haionekani tena. Chombo kilichofichwa ili kisiharibike kinaharibikia mafichoni.

Uzito wa jambo hili unaonekana nje ya shule. Katika zahanati na hospitali zetu, hadubini imekuwa kwa miongo mingi njia kuu ya kuthibitisha vimelea vya malaria katika damu, na hadi leo inategemewa licha ya kuenea kwa vipimo vya haraka. Kijana anayeingia chuo cha maabara ya afya akiwa hajawahi kulenga lenzi anaanza kujifunza pale ambapo angepaswa kuendelea. Tanzania iliiweka biolojia kwa miaka mingi katika masomo ya lazima hadi kidato cha nne, ikiamini kwamba hata atakayekuwa mkulima au fundi anahitaji kuelewa mwili wake, mimea na magonjwa. Uamuzi huo ulikuwa wa hekima. Lakini ulimaanisha pia kwamba kila upungufu wa mwalimu wa biolojia unamfikia kila mwanafunzi wa sekondari, si wale wachache waliochagua sayansi.

Si haki kumlaumu mwalimu kwa upungufu huu, kwa sababu aliurithi. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa na karatasi mbadala ya maandishi kwa wasio na maabara: mtahiniwa anachorewa vyombo na kupewa matokeo, kisha anaulizwa maana yake. Wako waliofaulu biolojia vizuri kwa njia hiyo, wakaenda vyuo vya ualimu au vyuo vikuu, wakakutana na maabara zenye msongamano ambamo kundi la watu wengi linazunguka meza moja, wawili wanashika vyombo na waliobaki wananakili namba. Wakatoka na vyeti, wakapangiwa vituo. Hata pale ambapo mtihani wa vitendo unafanyika kwa vyombo halisi, muundo wake unawavuta walimu upande mmoja. Tanzania na Kenya, shule hupelekewa kabla ya siku ya mtihani maelekezo ya siri ya vitu vya kuandaa, na katika shule nyingi huo ndio msimu ambao vitendanishi hununuliwa. Mazoezi yanajazwa katika wiki za mwisho za kidato cha nne, yakilenga maswali yaliyozoeleka: pima chakula hiki, tambua kielelezo kile, chora. Mwanafunzi anaweza kufuata hatua na kupata alama bila kujua kwa nini ute wa yai haukugeuka buluu kwa iodini.

Hapa wapo watakaonipinga kwa ushahidi, na ushahidi wao ni wa kweli. Mwaka 2008 watafiti Ian Abrahams na Robin Millar walichapisha uchunguzi wa vipindi 25 vya vitendo katika sekondari za Uingereza, shule zilizo na vyombo ambavyo nyingi za kwetu zinaviota. Waligundua kwamba walimu walifaulu sana kuwafanya wanafunzi washike vyombo na kuzalisha tukio lililokusudiwa, lakini hawakufaulu sana kuwafanya walifikirie tukio hilo kwa dhana za kisayansi. Mikono ilifanya kazi na akili ikasubiri. Matokeo ya upimaji wa kimataifa wa PISA wa 2015, ambao Tanzania haikushiriki, yalionyesha kwamba katika nchi nyingi wanafunzi waliosema wanafundishwa zaidi kwa uchunguzi wao wenyewe walipata alama za chini za sayansi kuliko wenzao waliosema mwalimu huwaelekeza na kuwaeleza. Mtu anaweza kuuliza, basi, kwa nini tutumie fedha adimu kuwafundisha walimu jambo ambalo hata wenye uwezo hawalioni likizaa matunda?

Nauchukulia ushahidi huo kwa uzito wote, na nauona uko upande wa hoja ya kuwafundisha walimu. Abrahams na Millar hawakusema jaribio halina maana. Walionyesha kwamba jaribio halijifundishi lenyewe. Vipindi walivyoviona vilipangwa kwa uangalifu upande wa vyombo, na kwa uangalifu mdogo upande wa mawazo: mwanafunzi atabashiri nini kabla ya kuanza, atalinganisha na nini, ataulizwa nini akishaona. Kupanga hayo ni sehemu ya ustadi wa maabara, na ni sehemu inayomtaka mwalimu awe tayari amelimaliza tatizo la vyombo. Anayehangaika na spiriti isiyochemka hana nafasi akilini ya kusikiliza wanafunzi wanabishana nini. Kuhusu PISA, wanafunzi wale wale waliozoea uchunguzi ndio waliokuwa na uelewa bora wa jinsi maarifa ya kisayansi yanavyopatikana na waliotarajia zaidi kufanya kazi za sayansi. Zaidi ya hapo, hakuna anayedai hapa kwamba mwanafunzi aachwe peke yake agundue usanisinuru. Mafundisho ya vitendo yaliyo mazuri yanaongozwa na mwalimu kwa karibu sana, na ndiyo maana yanahitaji mwalimu aliyeandaliwa.

Kenya ilianza kulikabili suala hili mapema. Mwaka 1998 serikali yake na shirika la Japani la JICA walianzisha mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari, uliojulikana kama SMASSE, kwa kuanzia na wilaya tisa. Kufikia 2003 ulianza kuenezwa nchi nzima, na ndiko kilikotoka kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Mradi ule ulianza na jambo ambalo wengi walilidharau: mtazamo. Mzunguko wa kwanza wa mafunzo uliwataka walimu waangalie kwanza imani zao wenyewe, kama vile kwamba wanafunzi wao hawawezi au kwamba bila vyombo vya kununua hakuna kinachowezekana. Ndipo wakaenda kwenye kupanga kipindi kinachojengwa juu ya shughuli, mwanafunzi, jaribio na ubunifu wa vifaa, kisha kukifundisha, kukitathmini na kukiboresha. Walimu walifanya majaribio wao wenyewe, walifundishana na kukosoana. Wazo hilo lilivuka mipaka, Uganda ikaanzisha mradi wake wa namna hiyo, na nchi nyingine za Afrika zikaunda mtandao wa kubadilishana uzoefu.

Udhaifu wa mradi ule nao una mafunzo. Ulitumia ngazi: wakufunzi wa taifa wanawafundisha wakufunzi wa wilaya, na hao wanawafundisha walimu wakati wa likizo. Kwa taarifa, njia hii ni nzuri, kwani waraka ukipita katika ngazi mbili unafika ulivyo. Ustadi wa mikono haupiti hivyo. Mtu hafundishwi kusuka ukili kwa kusimuliwa na aliyesimuliwa. Kila ngazi inakata kitu, na kinachokatwa kwanza ni kile kisichoandikika: jinsi ya kuona kwa jicho kwamba spiriti imetosha moto, jinsi ya kujua kwamba kundi la nyuma limeacha kufuatilia. Tena mwalimu anayefundishwa likizo, katika shule ya wilaya yenye vyombo kuliko yake, anarudi kwake peke yake. Hakuna anayemwona anapojaribu mara ya kwanza, na mara ya kwanza ndiyo inayoamua kama kutakuwa na ya pili.

Ushahidi ulio wazi zaidi juu ya hilo ninaoufahamu unatoka Afrika Kusini. Hauhusu biolojia, unahusu kufundisha kusoma katika madarasa ya mwanzo, na msomaji ana haki ya kuupima kwa tahadhari hiyo. Katika jimbo la North West, shule 180 zilihusishwa katika jaribio lililolinganisha njia mbili za kuwaendeleza walimu kwa maudhui yaleyale. Kundi moja liliitwa kwenye mafunzo ya pamoja ya siku chache, jingine lilitembelewa darasani mara kwa mara na mwalimu mwelekezi. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba wanafunzi wa walimu waliotembelewa walipiga hatua takribani mara mbili ya wale ambao walimu wao waliitwa semina. Uchambuzi wa tafiti 60 uliochapishwa 2018 na Matthew Kraft na wenzake nao ulikuta kwamba uelekezi wa darasani hubadilisha ufundishaji na huinua matokeo ya wanafunzi, ingawa nguvu yake hupungua programu inapokuwa kubwa. Onyo hilo la mwisho lisipuuzwe. Waelekezi wazuri si wengi, na mpango wa nchi nzima ukiandikwa kwa haraka utawateua watu wanaojua kujaza fomu za ukaguzi badala ya watu wanaojua kulaza kioo juu ya tone la maji.

Tanzania sasa ina chombo kinachoweza kubeba kazi hii, nao ni mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaotegemea walimu kukutana shuleni kwao na katika vituo vya walimu ili kujifunza pamoja. Umbo lake ni sahihi. Hofu yangu ni kwamba mkutano wa walimu, usipopewa vitu vya kushika, hugeuka haraka kuwa kikao chenye ajenda na mahudhurio. Kwa walimu wa biolojia kikao kinapaswa kufanyika maabara, spiriti ikichemka. Walimu wanne au watano wa shule jirani wachague jaribio la wiki ijayo, kila mmoja alifanye kwa mikono yake mwanzo hadi mwisho kwa majani na vitendanishi vya shuleni, waliharibu kwa makusudi ili waone linavyoharibika, wakubaliane maswali ya kuwauliza wanafunzi, kisha mmoja afundishe wengine wakitazama. Wajapani, ambao mchango wao ulionekana katika SMASSE, wamewaendeleza walimu wao kwa muda mrefu kupitia kutazamana darasani namna hiyo, na ni utaratibu usiohitaji bajeti ya hoteli.

Pingamizi linalosikika kuliko yote ni la vifaa. Bila vifaa, inasemwa, mafunzo ni bure. Nusu ya pingamizi hili ni kweli. Nusu nyingine inajibiwa na historia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shule nyingi za Ulaya zilikuwa magofu, na mwaka 1948 UNESCO ilichapisha kijitabu kilichotungwa na Mwingereza J. P. Stephenson cha kuwasaidia walimu wa sayansi wa nchi zilizobomolewa kutengeneza vyombo kwa vitu vilivyo karibu. Kutoka mbegu hiyo kikakua kitabu kikubwa cha UNESCO cha 1956 cha vyanzo vya kufundishia sayansi, kilichotafsiriwa katika lugha nyingi. Kwa hiyo kutumia makopo na chupa za maji si fedheha ya shule maskini za Afrika, ni mapokeo ya heshima katika ualimu wa sayansi. Osmosisi inaonekana kwa vipande vya papai bichi katika maji ya chumvi na maji matupu, mtawanyo kwa punje za pamanganeti, uchachu kwa hamira na sukari ndani ya chupa iliyovishwa puto. Tincha ya iodini ya duka la dawa ikizimuliwa inatosha kupima wanga. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Stanford walitangaza Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja ambayo vipande vyake viligharimu chini ya dola moja ya Marekani, na inatosha kuonyesha seli za kitunguu.

Ila tusidanganyane kwamba ubunifu wa vifaa ni njia ya mkato. Unadai ujuzi mkubwa zaidi. Mwenye vitendanishi vya kiwandani vilivyoandikwa nguvu yake anaweza kufuata kitabu. Anayezimua tincha mwenyewe lazima ajue rangi gani ni dhaifu mno na ipi itapaka jani lote weusi usio na maana. Anayetumia chupa ya plastiki lazima ajue lini joto litaiyeyusha na lini kimiminika kitaila. Wala hakuna papai litakalochukua nafasi ya mizani sahihi au hadubini nzuri kwa wanafunzi wa kidato cha sita. Serikali haipaswi kuugeuza ubunifu wa mwalimu kuwa kisingizio cha kutonunua vyombo. Ninachodai ni mpangilio: mwalimu aliyefundishwa atafanya mengi kwa machache na ataomba vyombo anavyovihitaji kwa majina yake. Asiyefundishwa atapokea makreti na kuyafunga stoo.

Wingi wa wanafunzi ni pingamizi gumu zaidi, na sina jibu la kuliondoa. Darasa la wanafunzi 80 haliwezi kufanya jaribio moja kwa wakati mmoja kwa usalama likiwa na mwalimu mmoja. Linaweza kugawanywa katika vituo vinavyozungukwa, kimoja cha hadubini, kimoja cha kupima, kimoja cha kuchora vielelezo, kimoja cha kusoma na kujibu. Au mwalimu anaweza kuonyesha mwenyewe mbele, kila mwanafunzi akiwa ameandika kwanza ubashiri wake na sababu yake. Onyesho moja lililoulizwa vizuri lina thamani kuliko makundi kumi yasiyojua yanatafuta nini. Lakini kuendesha vituo vinne kwa dakika 80 bila ajali ni ustadi mwingine unaohitaji mazoezi, na pia unahitaji mtu wa pili. Fundi sanifu wa maabara, anayetayarisha vitendanishi, kusafisha lenzi na kusimama karibu na moto, hayupo katika shule nyingi, na kazi yake inamwangukia mwalimu mwenye vipindi vya kutosha tayari.

Video na programu za kompyuta zinazoiga majaribio ni msaada mzuri kwa mambo yasiyoonekana au yanayochukua miezi. Haziwezi kumwonyesha mtu kwamba iodini ya zamani haifanyi kazi, kwa sababu katika video iodini huwa mpya daima.

Kuna faida moja ya vitendo ambayo ni yetu hasa. Mwanafunzi wa Tanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akifika sekondari biolojia inamjia kwa Kiingereza, istilahi juu ya istilahi. Anayeanza na kipande cha papai kilicholegea katika maji ya chumvi na kingine kilichokakamaa katika maji matupu anakuwa na kitu mkononi kabla ya neno, na anaweza kukijadili na mwenzake kwa lugha anayoijua. Baadaye neno likija lina mahali pa kukaa. Mwalimu mwenye ustadi wa vitendo ana njia ya kuuvuka ukuta huo wa lugha ambayo mwalimu wa chaki peke yake hana.

Kwa hiyo mabadiliko yaanzie pale mwalimu anapopewa cheti. Leo mtu anaweza kuhitimu kufundisha biolojia bila mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha kumkuta hata siku moja akiwa maabara. Vyuo vya ualimu na vyuo vikuu viweke mtihani wa mikono wa mtu mmoja mmoja: mtahiniwa apewe mmea ulio uani, kitunguu, hadubini yenye lenzi chafu na iodini iliyochuja, aandae kipindi, akifundishe, na aeleze kilichokwenda kombo na kwa nini. Asiyefaulu arudie, bila aibu, mpaka aweze. Kwa walio kazini, halmashauri zitenge kila muhula fungu la vitendanishi vya mazoezi ya walimu wenyewe, lililo tofauti na fungu la mtihani wa kidato cha nne, na wathibiti ubora wa shule wakifika wasiishie kuhesabu hadubini. Waombe ziwashwe, watazame kupitia lenzi, na waulize zilitumika lini mara ya mwisho na darasa gani.